Ukurasa Nilioutoa

Jumamosi, 5 Oktoba

Ukungu mpaka saa nne asubuhi. Naanza daftari jipya kwa sababu nimepokea kazi ya Volkmar Dietz, na sijaona kazi ya chama cha wawindaji wa Hohlenrod iliyokwisha bila watu kutukanana. Mimi nitatukana humu.

Kazi yenyewe ni hii. Kila ulingo msituni, yaani jukwaa la juu la kuvizia, una mtu mmoja mwenye bunduki. Wafurushaji wanaingia vichakani na mbwa, wanapiga kelele, nguruwe mwitu wanatoka mbio, wenye bunduki wanapiga. Kila mwenye bunduki lazima ajue upande gani ana ruhusa ya kupiga na upande gani wapo watu. Hadi mwaka jana walitumia ramani za karatasi zilizolowa. Mwaka huu mwenyekiti Volkmar anataka tovuti ya simu. Ukurasa wa kwanza jina lako, wa pili namba ya ulingo wako, wa tatu ramani: kijani piga, nyekundu usithubutu. Chini kuna kitufe, "Nimeelewa". Wote thelathini wakishabonyeza, Volkmar anapuliza baragumu.

Watu hudhani kazi yangu ni kuchora kurasa. Kuchora si kitu. Kazi ni kuamua mtu akitoka ukurasa huu aende wapi, na wapi asiruhusiwe kurudi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua kutwa. Nimeandika ukurasa ninaoupenda kuliko yote.

Siku ya kuwinda ina misako miwili, mmoja kabla ya chakula cha mchana na mmoja baada yake. Katika msako wa pili wafurushaji hubadili njia, kwa hiyo kijani cha asubuhi kinaweza kuwa nyekundu mchana. Ukurasa huu unakaa kati ya misako hiyo. Ni mwekundu mtupu, maneno meupe: SIMAMA. MSAKO MPYA. RAMANI YAKO IMEBADILIKA. Hauondoki mpaka uandike namba ya ulingo wako kwa kidole chako mwenyewe. Ukishaupita, mshale wa kurudi nyuma haukupeleki kokote. Ramani ya asubuhi imekufa na kuzikwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Tumeijaribu ukumbini. Volkmar alinipigia makofi. Mzee Eckbert Hainmüller, aliyevunja mawe machimboni miaka arobaini, aliishika simu kama mtu aliyeshikishwa chura.

"Na hiki kikizimika?"

"Unakiwasha tena, Mzee Eckbert."

"Na mvua ikinyesha juu yake?"

"Unapangusa."

"Bunduki yangu haijawahi kuniomba niipanguse macho," akasema, akatoka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku ya kwanza ya kuwinda msimu huu. Nimeoga mara mbili na bado nasikia harufu.

Nguruwe dume alitoka kwenye mahindi yaliyosalia, ana risasi ya mtu nyongani. Distel, mbwa jike mdogo wa Ludger Stöhr, akamwendea usoni. Jino la nguruwe lilimfungua tumbo kama mtu anavyofungua mfuko wa unga. Mbwa wengine wakamzonga dume pande zote, hakuna aliyeweza kupiga risasi. Eckbert akashuka ulingoni, bunduki kaiacha juu, akamrukia nguruwe mgongoni na kumzamisha kisu nyuma ya bega. Mara moja, mara mbili. Damu ilimruka mpaka kwenye nyusi. Nguruwe alimburuta hatua kumi ndipo akalala.

Nilitapika juu ya buti zangu.

"Binti wa mchinja nyama anatapika!" Eckbert alipaza sauti. "Baba yako angefufuka akucheke!"

Ludger alikuwa amemlaza Distel nyuma ya gari, anamshona kwa sindano na uzi, mbwa anamlamba kidole. Ludger ni fundi wa mapaa, ndiye kiongozi wa wafurushaji. Tulisoma darasa moja. "Usimjali, dada Almut," akasema bila kuinua kichwa. "Huyo hata harusini kwake alikwenda na kisu."

"Viwili," Eckbert akajibu, anafuta chake kwenye majani.

Simpendi mzee huyu. Naandika ili nisije nikajisingizia wema baadaye.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Distel anakula tena, Ludger kaniletea picha.

Jumamosi, 2 Novemba

Ukurasa wa SIMAMA ulichelewesha msako wa pili kwa robo saa. Watu watatu hawakukumbuka namba ya ulingo wao, ikabidi washuke kuangalia kibao. Volkmar alikuwa anatembea huku na huku zizini kwake, tunapokusanyikia, anasonya.

Ugomvi ulikuja wakati wa chakula, ukumbini. Volkmar alikuwa na mgeni kutoka Frankfurt, daktari wa meno mwenye koti jipya. Mgeni huyo alimpiga nguruwe jike, kiongozi wa kundi, chuchu zake bado zimejaa maziwa. Eckbert alimsogelea mezani akauliza kwa upole uliotushangaza sote, "Watoto wake uliwaona?"

"Niliwaona. Wadogo mno, hawana nyama."

Eckbert akampiga ngumi ya mdomo. Jino la daktari wa meno liliangukia ndani ya supu ya njegere, na kuna mtu nyuma yangu alicheka kabla hajajizuia. Mgeni akainuka na chupa, Eckbert akampiga tena, benchi likaanguka na watu wanne juu yake. Volkmar aliwatenganisha. Alimlazimisha Eckbert aombe radhi mbele ya kila mtu, na Eckbert akasema, "Naomba radhi kwamba nilikupiga mara mbili. Moja ilitosha."

Mnyama tu huyu. Nashangaa Volkmar anavyomvumilia.

Jumanne, 12 Novemba

Volkmar kaja saa tano, kaketi kwenye kiti cha baba yangu. Tangu baba afe ananiita binti yangu.

"Almut binti yangu, ule ukurasa wako mwekundu utoe."

"Nautoaje? Ndio unaomzuia mtu kusoma ramani ya asubuhi wakati wa mchana."

"Wageni wangu wamekuja kuwinda, hawakuja kufanya mtihani. Jina, ramani, kitufe, basi. Mtu mzima umwulize namba mara mbili kama mtoto wa chekechea?"

"Wacha basi niupunguze maneno."

"Utoe." Alitabasamu. "Tovuti ni ya chama. Na mwenyekiti wa chama ni nani?"

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeutoa.

Kisha nikajaribu. Nikapita mpaka ramani ya mchana, nikabonyeza "Nimeelewa", halafu nikabonyeza mshale wa kurudi mara mbili. Simu ikanirudishia ramani ya asubuhi, safi kabisa, kijani mahali pasipo kijani. Na kwenye ukurasa wa Volkmar bado nasomeka nimeelewa. Kinga ya mshale ilikuwa ndani ya ukurasa niliouondoa, nikaondoa na kinga yake. Kuiandika upya mahali pengine ni kazi ya siku nzima.

Ijumaa, 15 Novemba

Upepo mkali. Kazi za kampuni iliyoniajiri zimenibana tangu asubuhi. Tundu nitaliziba Jumatatu. Nani atabonyeza mshale mara mbili akiwa juu ya ulingo kwenye mvua?

Jumamosi, 16 Novemba

Ludger amekufa.

Naandika kwa mpangilio, nisipoandika kwa mpangilio nitapiga kelele.

Nilikuwa zizini kwa Volkmar na kompyuta yangu, mvua inapiga bati. Msako wa kwanza ulikwenda vizuri. Saa sita upepo ukageuka, Volkmar akabadilisha kila kitu: wafurushaji waingie kutoka chini, bondeni, si kutoka juu. Aliingiza mabadiliko, ramani zote zikageuka. Zamani angezunguka kwa gari na kumwambia kila mtu kwa mdomo. Ludger alikuja mlangoni, fulana yake ya rangi ya chungwa inachuruzika maji.

"Umewaambia walioko malingoni?"

"Yote yamo kwenye simu," Volkmar alisema.

Ludger akanigeukia mimi. "Dada Almut, wamejua wote?"

Nikaangalia ukurasa. Majina thelathini, yote kijani. "Wote," nikamjibu.

"Haya basi, twende tukawaamshe nguruwe," akasema, akaondoka. Baragumu likalia.

Dakika kumi hivi baadaye mlio mmoja kutoka upande wa ulingo namba tisa. Halafu sauti za watu, siyo zile za kufurusha. Halafu baragumu la kusimamisha, mara tatu, mara tatu, mara tatu.

Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu kimoja. Ludger alikuwa amelala chali katikati ya misonobari midogo, risasi imempita shingoni. Eckbert alikuwa amepiga magoti juu yake, mikono yote miwili imekandamiza jeraha, damu inatoka kati ya vidole vyake kwa mapigo. Alikuwa anasema neno moja tu. "Ilikuwa kijani. Ilikuwa kijani. Ilikuwa kijani."

Macho ya Ludger yalikuwa wazi. Aliniona. Nina hakika aliniona.

Gernot, kaka yake mkubwa, alitokea juu ya mteremko akiwa bado na fimbo yake ya kufurushia. Alimpiga Eckbert teke la uso, akamshika ukosi na kumng'oa pale alipokuwa, mikono ikaachia jeraha, damu ikaruka juu kama bomba lililopasuka. Nilijirusha nikaweka mikono yangu mimi. Damu ilikuwa ya moto. Mikono yangu midogo. Nyuma yangu nilisikia fimbo ikimshukia Eckbert na Gernot akilia kwa kila pigo, na Eckbert hajitetei, anasema tu ilikuwa kijani.

Helikopta ilipopata pa kutua, hapakuwa tena na kitu cha kukandamiza.

Jumapili, 17 Novemba

Nilifungua kumbukumbu za seva saa moja asubuhi. Ulingo namba tisa, wa Eckbert: ramani ya mchana ilifunguliwa, "Nimeelewa" ikabonyezwa. Dakika tatu baadaye mshale wa kurudi. Mshale wa kurudi tena. Ramani ya asubuhi ikafunguka. Haikufungwa tena.

Ilikuwa kijani.

Volkmar kaja saa nne, mkononi keki ya mkewe iliyofunikwa kitambaa.

"Ukurasa ule mwekundu," akasema, "jana ulikuwepo. Au siyo?"

"Wewe ndiye uliyeniambia niutoe."

"Nilikuambia upunguze kurasa. Sikukuambia uvunje kitu." Aliweka keki mezani akanishika kifundo cha mkono. Mikono ya Volkmar hupasua kuni kila siku. "Almut, sikiliza. Mzee haoni vizuri. Anakunywa. Kila mtu alimwona anavyompiga mgeni wangu. Hii ni ajali ya mzee mlevi. Ukiongeza maneno, mimi naingia jela, na wewe unaingia mbele yangu. Nani aliyeandika msimbo wa tovuti? Mimi?"

"Niachie mkono."

"Urudishe."

Akakaza mpaka mifupa ikalia. Nikaurudisha. Ilinichukua dakika kumi na mbili, kwa mkono mmoja, yeye amesimama nyuma yangu. Kisha alikata keki akala kipande.

Jumatatu, 18 Novemba

Mpelelezi Kornrumpf, mwanamke mfupi mwenye mafua, alikaa hapa saa nzima. Aliijaribu tovuti kwenye simu yake. Alifika kwenye ukurasa mwekundu, akabonyeza mshale wa kurudi. SIMAMA ikabaki. Akabonyeza tena. SIMAMA.

"Inafanya kazi vizuri," alisema.

"Ndiyo," nikasema.

Jumanne, 19 Novemba

Kesho nitasema.

Alhamisi, 21 Novemba

Baridi kali. Eckbert haonekani. Wameandika MWUAJI kwenye banda lake kwa rangi ya mapaa, ile nyekundu ya kiwandani. Kesho nitasema.

Ijumaa, 22 Novemba

Maziko. Ronja, mke wa Ludger, alisimama kaburini hajaegemea mtu. Eckbert alikuja. Hakuna aliyemtarajia. Alivaa suti iliyombana, uso bado umevimba, kofia mkononi, akasimama mbali, ukutani.

Gernot alimwona wakati mchungaji bado anasoma. Akatembea polepole kati ya makaburi, tukamtazama wote, akampiga ngumi ya tumbo, akampiga ya sikio, akamwangusha juu ya kaburi la mtu mwingine na kuendelea kumpiga. Mashada ya maua yalivunjika chini yao. Volkmar alikuwa hatua tatu kutoka pale, mikono mfukoni. Watu sitini. Mchungaji peke yake ndiye aliyekwenda kumvuta Gernot, joho lake likijaa matope.

Eckbert aliinuka, akatafuta kofia yake, akamwambia Gernot, "Una haki." Kisha akatazama umati na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini ilikuwa kijani. Nilibonyeza mshale nione kama jina ni langu, maana mvua ilikuwa imejaa kiooni. Ikaja ramani. Ilikuwa kijani."

"Mlevi wewe!" mtu akapiga kelele.

Alikuwa ananitazama mimi. Hakunishitaki. Alikuwa anauliza, kama mtu anayemwuliza daktari.

Nikatazama viatu vyangu.

Jumapili, 24 Novemba

Nimewaza kuhusu yule nguruwe jike na watoto wake. Mtu mmoja tu katika ukumbi ule aliuliza habari zao, nami nikaandika humu kwamba ni mnyama. Na yule aliyekaa kwenye kiti cha baba yangu nikamwandika kama mlezi.

Kesho nitasema.

Jumatano, 27 Novemba

Theluji ya kwanza. Volkmar kapiga simu: "Upo salama, binti yangu?" Nikasema nipo.

Kesho.

Jumamosi, 30 Novemba

Wamemvamia Eckbert bandani mwake saa tatu asubuhi. Gernot na wenzake wawili, wana wa jirani. Walimkuta anapasua kuni, wakamnyang'anya shoka, Mungu aliwapa akili walitumia mpini tu. Taya limevunjika mahali pawili. Mbavu nne. Jicho la kushoto limekwenda kabisa. Mwanamke wa posta ndiye aliyemwona, mkono umetokeza mlangoni, theluji kandokando imekuwa nyekundu mpaka barabarani. Alidhani mtu amechinja.

Nimesoma daftari hili kutoka tarehe kumi na tisa. Nimehesabu neno kesho. Kila moja ni pigo la mpini ule, na mpini ulikuwa mkononi mwangu.

Jumapili, 1 Desemba

Hospitali. Wamemfunga taya kwa waya, hawezi kusema. Nesi alinipa dakika chache.

"Mzee Eckbert," nikasema, "ni Almut. Ilikuwa kijani."

Jicho lililobaki likanigeukia.

Nikamwambia yote. Ukurasa, Volkmar, mshale, Jumatatu ambayo ningeziba, dakika kumi na mbili. Nilisema haraka kama anayetapika. Aliomba kwa mkono karatasi, nikampa kalamu. Nilijua ataandika tusi. Nilitamani aandike tusi.

Aliandika polepole, herufi kubwa za mtu wa machimbo: SIKUWA KICHAA.

"Hukuwa kichaa."

Kifua chake kikaanza kutikisika, nesi akaja mbio akidhani anakabwa. Alikuwa analia tu, na kwa waya ule kulia kunauma kuliko kipigo. Aliandika tena chini yake: ALIYEVUTA KIFYATULIO NI MIMI. NENDA SEMA YAKO. YANGU NITASEMA MWENYEWE.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimesema. Mpelelezi Kornrumpf aliandika saa nne mfululizo. Nilimpa msimbo wa zamani, kumbukumbu za seva, na nakala ya daftari hili mpaka jana. Alifika kwenye neno "Ndiyo" la tarehe kumi na nane akalisoma kwa sauti. Kisha akaniuliza kama ninataka maji.

Alhamisi, 5 Desemba

Volkmar alinisubiri nje ya duka la zamani la baba, mchana kweupe. Hakuniita binti yangu.

"Nyoka," akasema. "Nyoka niliyemlisha."

Alinipiga kofi lililonibamiza ukutani, akanishika nywele akanipigiza kichwa kwenye kioo cha duka, kile kilichoandikwa jina la baba. Kilipasuka. Nilisikia vipande vikinimiminikia shingoni kama maji baridi. Sijui nilipata wapi nguvu, nilishika kipande nikamchana mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja. Alirudi nyuma akitazama mkono wake kama hajawahi kuona damu, yeye mwenye misimu thelathini ya kuchinja.

"Piga tena," nikamwambia. "Piga, kila mtu yuko dirishani."

Walikuwa dirishani kweli. Hakuna aliyefungua mlango. Lakini Volkmar aliwaona, akaenda zake. Nimeshonwa nyuzi kumi na moja.

Jumapili, 8 Desemba

Utumbo wa nguruwe umemwagwa mlangoni kwangu, bado una mvuke. Nimeufagia. Mimi ni binti wa mchinja nyama.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku ya nne ya kuwinda imefutwa. Chama kimefungiwa. Kwenye duka la mikate watu waliokuwa wakimtukana Eckbert sasa wananitukana mimi, kwa maneno yaleyale, hawakuyabadilisha hata kidogo.

Ijumaa, 20 Desemba

Hakuna kitu. Barafu.

Jumanne, 7 Januari

Barua ya mwendesha mashitaka. Mimi na Volkmar, kusababisha kifo kwa uzembe na kuficha ushahidi. Yeye, juu ya hayo, kunishambulia. Eckbert pia atajibu la kwake, alilikiri mwenyewe kwa maandishi. Gernot yuko rumande na wale wawili. Wakili wangu anasema nisizungumze na familia ya marehemu.

Jumamosi, 11 Januari

Ronja amekuja.

Ilikuwa saa nane mchana, theluji inayeyuka inadondoka kutoka paani. Alisimama mlangoni na koti la Ludger, lile la kazi, mikono imefunikwa na mikono ya koti. Sikumwambia aingie, aliingia. Akaketi mbele ya kompyuta yangu.

"Nionyeshe," akasema.

"Ronja, wakili amesema..."

"Nionyeshe kilichomwua mume wangu. Kila mtu ananiambia mshale, mshale. Nataka kuuona."

Nikaifungua tovuti ya tarehe kumi na sita, kwenye simu yangu, nakala niliyobaki nayo. Nikamwekea mkononi. Jina. Ulingo namba tisa. Ramani ya mchana, bonde lote jekundu. "Nimeelewa."

"Sasa huo mshale."

"Huo hapo chini. Mara mbili."

Alibonyeza mara moja. Akabonyeza mara ya pili. Bonde likawa kijani. Alilitazama. Akaanza upya, akapita kurasa zote, mshale, mshale, kijani. Akaanza upya tena. Nilihesabu mara saba. Hakuna kilichokataa, kila mara njia ilimfungukia.

"Hivi tu?" akauliza.

"Hivi tu."

"Na ulijua."

"Nilijua tangu Alhamisi. Alikufa Jumamosi."

"Na Gernot akamtoa mzee jicho kwa ajili ya hii."

"Ndiyo."

Alinipiga na ile simu mdomoni. Kwa nguvu zake zote, mkono umetoka nyuma ya bega. Nilisikia jino likikatika na ladha ya chuma ikanijaa. Akanipiga tena shavuni, na tena, nami niliweka mikono yangu mapajani, sikuiinua. Aliacha kwa sababu alichoka. Alikuwa anahema kama aliyepanda kilima. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka lakini bado kinawaka.

Nilidhani ataondoka. Alivuta kiti karibu.

"Sasa nionyeshe ule uliotoa."

Nikaufungua kwenye kompyuta, damu inanidondoka juu ya herufi. Ukurasa ukajaa kioo chote, mwekundu. Ronja alisogeza uso. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto anayejifunza: "Simama. Msako mpya. Ramani yako imebadilika." Akaandika tisa kwenye kisanduku. Ramani ya mchana ikafunguka. Akatafuta mshale wa kurudi, akaubonyeza. Hakuna kitu. Akaubonyeza kwa nguvu, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaubonyeza kwa haraka mara kumi, akaupiga kwa ngumi. Bonde likabaki jekundu.

"Inamchukua mtu muda gani kuusoma?" aliuliza.

Nilifuta mdomo. "Sekunde nne."

Halafu akarudi mwanzo, akaandika jina la Ludger kwenye kisanduku cha jina, akapita mpaka kwenye ukurasa ule mwekundu, na akausoma tena kwa sauti, polepole, mpaka mwisho.